Chanuo la Baba kwenye Ubao wa Mwanaidi

Wenzangu wa karakana, kuna msumari ukutani hapo kwenu, kushoto kwa dirisha, juu kidogo ya kabati la gundi. Hauna kitu. Kila mwalimu mgeni aliyepita pale alitundika mkoba wake, na mimi nikautoa. Kuna mmoja wenu aliniuliza waziwazi, "Mwalimu Felista, huu msumari una nini?" Nikamjibu kwamba una shughuli zake. Sasa nimestaafu, funguo nimekabidhi, na huku nyumbani kazi yangu kubwa ni kuwakaripia kuku. Nimeona niwaandikie habari ya msumari ule. Na kwa kuwa nimeshakalia kiti, niwaambie na jingine: miaka yote niliyofundisha sanaa pale chuoni, sehemu kubwa ya muda sikuelewa ninachofundisha. Msishtuke. Kazi ilikwenda hivyohivyo.

Nimezaliwa kambini, kwenye shamba la mkonge upande wa chini wa Korogwe. Baba alitoka kusini akiwa kijana, akakata mkonge, akaanika, mwishowe wakamweka chumba cha brashi, kule nyuzi zinakopigwa mpaka zing'ae kabla ya kufungwa robota. Kazi ile ilimwingia mwilini. Robota likikutwa na mafundo lilirudishwa, na msimamizi hakulirudisha kwa maneno matamu. Nyumbani baba alijitengenezea chanuo lake: kipande cha mninga chenye mpini, kimepigiliwa misumari mistari miwili, imekaa kama meno. Jioni alikuja na makapi, yale manyuzi mafupi yanayotupwa, tunakaa kibarazani tunachana na kusokota kamba. Nikiruka fundo ananigonga vidole kwa mpini. "Rudia. Uzi ukilala, ulale wote." Alipofariki, ndugu waligawana baiskeli, redio na makoti. Mimi nikaomba chanuo. Hakuna aliyebisha.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya msingi huko ndani Handeni, mbele ya Chanika. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alinipa ratiba huku anatazama dirishani, nikajua kuna jambo. Nilikuwa nimepewa vipindi ambavyo hakuna aliyevitaka: kuchora na kazi za mikono. Nikaingia darasani nikawaambia watoto, "Chora chochote unachopenda." Wakachora twiga. Darasa zima, twiga na jua linazama. Kwa nini twiga, sijui, maana wengi wao hawajawahi kumwona, na jua la Handeni watu hawalipendi kiasi hicho. Nilijaribu tena wiki iliyofuata. Twiga. Nikaachana na kuchora, nikawafundisha kusuka, kitu ninachokijua.

Jingine nililojifunza pale ni kungoja maji. Foleni ya bombani haikuwa ya watu, ilikuwa ya ndoo. Unaweka ndoo yako nyuma ya ya mwenzako, unakwenda shamba, unakwenda msibani, ndoo inakusubiria. Asiye na ndoo ya ziada aliweka jiwe, na jiwe la mtu haliguswi na mtu. Ndoo yangu ilikuwa na mpini wa waya wa bluu. Kuna siku niliipanga kabla ya kengele ya asubuhi, nikafundisha vipindi vyote, nikasahihisha madaftari, nikarudi nikakuta imesogea hatua tano. Nililia, nasema ukweli. Kumbukeni hiyo ndoo, maana nitairudia kwa aibu.

Baada ya miaka kadhaa nikahamia kwenye chuo chetu hiki kidogo cha ufundi, barabara ya kwenda Hale. Niliitwa nifundishe kusuka na kufuma, basi. Siku ya kwanza nikaingia karakana na chanuo langu mkononi, nimevaa gauni la kanisani, nikakuta ubao umesimamishwa ukutani. Umebandikwa mifuko ya saruji, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa vipande, majivu, na kitu kama chandarua cha zamani. Mbele yake amekaa mzee mwembamba, kofia ya sufu kichwani, anakunywa chai. Huyo ndiye Mwalimu Shembilu, mkuu wa karakana, Msambaa wa Kwashemshi.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia. "Hii ni picha ya nini?"

"Marahaba. Bado haijaamua."

Nikadhani mzee ananitania, kwa kuwa watu wa milimani huanza na utani ndipo wakupe kiti. Kumbe alikuwa anasema kweli. Kwenye mtaala somo liliitwa sanaa dhahania ya malighafi mchanganyiko, jina refu kuliko kipindi chenyewe. Maana yake, kama nilivyoambiwa, ni kutengeneza kitu kisichofanana na kitu, kwa vitu ambavyo haviendani. Nikauliza, kisha mtu anapimwaje? Shembilu akasema, "Tutaona." Alichukua chanuo langu, akaligeuza, akapigilia msumari ukutani na kulitundika. "Hapo. Sasa umehamia."

Mtindo wake ulikuwa huu. Kila Jumatatu aliandika ubaoni tatizo moja, na chini yake marufuku. "Onyesha uzito. Marufuku kutumia kitu kizito." "Onyesha kelele. Marufuku kuchora mtu, mnyama, mti, nyumba." Halafu kila mwanafunzi anatia mkono kwenye gunia bila kutazama, anachotoa ndicho atakachotumia. Mmoja anatoa vizibo vya soda, mwingine maganda ya mahindi, mwingine soli ya kandambili. Hakuna kubadilishana. Mwanzoni vijana walinung'unika sana. Ikifika Jumatano wanabishana na kugombania viti, na karakana inanuka uji wa gundi na kila mtu amechafuka. Nilimwuliza mzee kwa nini anawatesa. Akaniambia, "Nikiwaambia wafanye wanachotaka, watanipa twiga." Hapo, walau kwa mara ya kwanza, nilielewa jambo moja.

Basi siku moja na mimi akaniambia nijaribu ile ya kelele. Nilikaa siku tatu. Nikasuka mkeka mdogo, mistari myekundu na myeusi, imenyooka, kingo safi. Nilijisikia vizuri. Shembilu akautazama, akauinamia kabisa, akaweka sikio.

"Hii ni kelele ya watu waliolala," akasema.

Wanafunzi walicheka mpaka wakaegemea meza. Sikuongea naye hadi Ijumaa.

Si kwamba sikuwa na mchango. Gundi tunayotumia mpaka leo ni yangu: uji wa unga wa muhogo, unaupika mpaka uvutike, unatia chumvi na jivu kidogo lililochungwa, la sivyo mende watakula kazi ya mtu yote mpaka ubaki ubao mtupu. Udongo mwekundu chungeni kwa soksi ya nailoni, ungo hautoshi. Na ubao ukishapakwa uji, uacheni siku nzima juani. Ukiharakisha utanyanyuka pembeni. Haya nayajua. Kilichonishinda ni kujua juu ni wapi. Kuna kazi ya kijana mmoja niliitundika ukumbini, ikakaa muhula mzima, ndipo mwenyewe akaja kuniambia kwa adabu sana kwamba iko kichwa chini. Nikamwomba radhi, nikataka kuigeuza. Akasema, "Iache tu, Mwalimu, imependeza zaidi." Sasa hapo mtu utasemaje?

Mwanaidi alikuja chuoni akiwa mtu mzima, ana mtoto aliyemwacha kwa mama yake Chanika. Mzigua, mweusi tii, kimya chake kizito. Mtihani wa mwisho wa mara ya kwanza alifeli. Sheria ya chuo ilikuwa unarudia mara moja tu, ukifeli tena unafunga begi. Na Mwanaidi alikuwa na la kupoteza: kuna shule pale Chanika ilikuwa imemwahidi nafasi ya kufundisha kazi za mikono, wanamngoja na cheti chake. Asipokileta mwaka ule, wanachukua mtu mwingine. Yeye mwenyewe aliniambia tukiwa tunachuja udongo. Aliongeza, "Nikikosa hii, Mwalimu, nitakuwa mtu wa vibarua tu mpaka nizeeke." Kisha akaendelea kuchuja. Nilimpenda. Jioni alikaa nami tukisokota kamba, nikamweleza habari za baba, kambi, na lile chanuo. Alikuwa anasikiliza vizuri sana.

Mradi wa mwisho ulitolewa kwenye kopo. Kila mmoja anachomoa karatasi yenye tatizo lake, anapewa wiki tatu, halafu watahini wawili wanatoka nje kuja kupima. Karatasi ya Mwanaidi iliandikwa: Onyesha kusubiri. Marufuku kuchora chochote. Kwenye gunia akatoa fungu la makapi ya mkonge. Nikamwambia una bahati, hayo tutayachana mpaka yang'ae. Akatabasamu tu.

Wiki tatu alifanya kazi kimya, ubao umegeuziwa ukutani. Siku ya Jumatano, kesho yake watahini wanakuja saa nne asubuhi, alikwenda Korogwe mjini kutafuta waya mwembamba wa kutundikia. Mimi nikaingia karakana saa tisa kufagia na kupanga. Nikageuza ubao wake.

Mungu wangu. Yale makapi yalikuwa yamejaa ubao kuanzia kushoto hadi kulia, yamefungana mafundo kwa mafundo, yamepakwa udongo mwekundu, mengine yamesimama, mengine yamelala. Pembeni kulia, chini, kimeachwa kipande kitupu ukubwa wa kiganja. Nikatazama, nikatazama. Nikajisemea, huyu mtoto ameshindwa. Amekata tamaa, amebandika takataka, kesho wanamfelisha, basi, Chanika imekwenda. Roho iliniuma kweli. Sikuwaza kumwuliza. Mtu aliyelelewa chumba cha brashi haulizi fundo linafanya nini pale. Nikanyoosha mkono kwenye msumari, nikashusha chanuo.

Nilianzia kushoto. Taratibu, kama baba alivyonifundisha, unashika shina kwa mkono mmoja usije ukang'oa. Fundo likifunguka, udongo unamwagika sakafuni, uzi unabaki mweupe. Nilikuwa naimba, wenzangu. Naimba wimbo wa kwaya! Nilishafika karibu theluthi ya ubao nyuzi zimelala kama nywele za harusi, niliposikia mtu amesimama mlangoni.

Mwanaidi hakupiga kelele. Waya ulimponyoka mkononi. Akaja akasimama karibu yangu, akaangalia sakafu, akaangalia ubao.

"Mwalimu," akasema. "Umezitoa ndoo zangu."

"Ndoo gani?"

Akanyoosha kidole kwenye fundo lililobaki. "Hii ni ya mama. Hii ya jirani. Hili dogo ni jiwe, huyu hakuwa na ndoo." Kidole kikaenda mpaka pembeni kulia, kwenye kile kipande kitupu. "Hapa ndipo bomba."

Mimi, niliyepanga ndoo yenye waya wa bluu kwenye foleni ileile, niliyelia kwa ajili ya hatua tano, niliitazama mbele ya macho yangu na sikuitambua. Nimeichana. Nilianza kusema nisamehe, nikaishia katikati. Yeye naye akaketi chini kwenye ule udongo akajifunika uso kwa khanga, na hapo ndipo nilipomsikia analia.

Shembilu aliingia na kikombe chake. Tukamweleza, yaani mimi nikaeleza, Mwanaidi akalia. Nikamwambia mzee awaombe watahini siku mbili tu, tufunge mafundo upya. Akasema watahini hawaletwi kwa matakwa yetu, uji haukauki kwa usiku mmoja, na hata wangekubali, nyuzi zilizokwisha kuchanwa hazishiki fundo. Vyote vilikuwa kweli, mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha. Kisha, haki ya Mungu, akachukua chaki akaenda kwenye ubao wa kuandikia.

Aliandika: Kuna mtu ameanza kukumalizia bila kuombwa. Onyesha. Marufuku kurudisha kama ilivyokuwa.

Nilimgeukia kwa hasira. "Mzee, mtoto wa watu anaharibikiwa, wewe unacheza Jumatatu?"

"Mwalimu Felista," akasema polepole, "mimi sina kingine ninachokijua." Akatoka.

Tulikaa pale wawili sijui muda gani. Mwanaidi akajifuta, akaanza kusoma ubaoni, midomo inacheza. Baadaye akainuka.

"Mwalimu, uliishia wapi?"

"Hapo."

"Rudisha chanuo pale pale lilipokuwa niliposimama mlangoni."

Nikalirudisha. Meno yakaingia kwenye fundo lililofunguka nusu.

"Sasa achia."

Nikaachia. Chanuo likabaki limening'inia, limeng'ang'ania lenyewe, upande mmoja nyuzi nyeupe zimelala, upande mwingine mafundo mekundu yanangoja. Mwanaidi akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Akatazama kwa muda mrefu sana. Mimi nilitazama pia, nikaona chanuo limekwama kwenye makapi, basi.

"Naliomba, Mwalimu."

"Unaomba nini?"

"Hilo. Libaki hapo."

"Mwanaidi, hilo ni la baba."

"Najua, Mwalimu. Umenisimulia."

Nilitoka nje. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani. Nilizunguka jengo mara mbili nikiongea peke yangu. Nani anaomba chanuo la marehemu baba ya mtu akaligandishe kwenye plaiwudi? Na kwa kitu ambacho hata mwenyewe sielewi ni kitu gani? Kitu pekee nilichoachiwa duniani na baba yangu. Lakini kila nikifika dirishani nilimwona Mwanaidi amesimama palepale, hajaligusa. Angeweza kulikaza nikiwa nje. Hakuligusa. Mzunguko wa tatu nikaingia.

"Shika mpini, nikaze waya kwa nyuma," nikamwambia.

Tulitoboa plaiwudi matundu manne, tukapitisha ule waya alioutoa mjini, tukapindisha kwa plaizi. Alichofanya baada ya hapo ni kufagia ule udongo uliomwagika, akaumwaga tena kidogo kwenye ukingo wa chini wa ubao, hapohapo ulipokuwa umeangukia. Mengine aliyaacha.

Watahini walikuja, bwana mmoja mnene mpole na mama mmoja wa miwani. Wakapita kazi moja baada ya nyingine, mimi nikiwa nyuma yao. Wakafika kwa Mwanaidi.

"Hii ni nini?" bwana akauliza.

"Kusubiri," Mwanaidi akasema.

"Inasubiri nini?"

Nilimwombea ajibu, hata uongo. Yule bwana akainama, akatazama nyuzi nyeupe, akatazama mafundo, akaguna. Kisha nikaona mkono wake wa kulia unainuka wenyewe. Ukaenda mpaka kwenye mpini wa chanuo. Vidole vikafunga. Alikuwa anataka kulivuta, aendeleze.

"Acha!" nikapiga kelele.

Karakana nzima iligeuka. Shembilu alipaliwa na chai yake. Bwana akautazama mkono wake kama vile si wake, akauondoa, akacheka kwa haya. "Samahani. Nilitaka tu kumalizia." Mama wa miwani hakucheka. Alimtazama mwenzake, akaitazama ile kazi, akamtazama Mwanaidi kwa muda, akaandika. Akaandika karatasi nzima.

Mwanaidi alifaulu. Akaondoka na cheti na ule ubao, umefungwa kwenye shuka, juu ya basi la Handeni. Aliniinamia kunishukuru na mimi nikamwambia aende salama, lakini macho yangu yalikuwa kwenye shuka.

Nilimwuliza Shembilu baadaye, "Mzee, wewe uliielewa ile kazi?"

"Si sana," akasema. "Lakini mkono wa yule bwana uliuona?"

Niliuona. Mpaka leo nauona, na bado sijui nifanye nini nao.

Shembilu alistaafu kabla yangu, akarudi Kwashemshi kwenye migomba yake, na matatizo ya Jumatatu yakaniangukia mimi. Wale mliokuwepo mnajua nilivyohangaika. Nilisahau marufuku, vijana wakaniletea twiga. Nikaweka marufuku nyingi mno, wakakaa wiki nzima wakitazama dari. Nilichokipata mwishoni ni kidogo, nawaachia kama kilivyo. Kazi ya mwanafunzi ikionekana mbovu kwako, funga mikono nyuma, kamata kiganja kwa kiganja, halafu mwulize. Kila mara vidole viliwasha. Nilipoona fundo nilitazama ule msumari mtupu, nikatulia. Hiyo ndiyo shughuli uliyokuwa nayo, na ndiyo sababu sikutaka mikoba yenu.

Wiki iliyopita, baada ya kukabidhi funguo, nilimpigia Mwanaidi simu. Nilimwambia kazi imekwisha, naomba chanuo langu nizeeke nalo. Hakusita hata kidogo. "Njoo, Mwalimu. Ni lako, mimi nimelitunza tu." Nikapanda basi la Handeni.

Alinipokea getini kwa shikamoo ya magoti, amenenepa, nywele zimeanza mvi. Yule mtoto wake aliyekuwa kwa bibi sasa ni mtu mzima. Akanipeleka darasani kwake. Ubao uko ukutani, juu ya meza yake. Mafundo yamefifia rangi, vumbi la Chanika limekaa juu ya nyuzi nyeupe mpaka huwezi kutofautisha sana palipochanwa na pasipochanwa. Chanuo liko palepale. Mninga umekuwa mweusi. Mezani ameshaweka plaizi na kitambaa safi cha kulifungia.

"Wanafunzi wangu kila mwaka huniuliza," akaniambia, "nani aliyeanza kuchana hapo. Nawaambia ni mwalimu wangu. Basi wananiuliza, atarudi lini kumalizia?"

"Unawajibuje?"

"Nawaambia tunamsubiri."

Nikavua viatu, nikapanda kwenye benchi. Nikashika mpini. Vidole vyangu viliingia kwenye zile alama za vidole vya baba, ambazo nilidhani nimezisahau. Lilikuwa langu, hatua moja tu ya plaizi. Nikatazama kulia, kwenye kile kipande kitupu, kule bombani, na kwa mara ya kwanza nikajikuta naitafuta ndoo yangu. Nilitafuta fundo lenye waya wa bluu, jambo la kijinga, Mwanaidi hakunijua wakati ule. Machozi yakanitoka na sikujua ni ya nani, ya baba, ya Mwanaidi, au ya zile hatua tano.

Mwanaidi alikuwa chini ameshika benchi lisiyumbe, plaizi mkononi.

"Mwalimu, unamalizia leo?"

Nikaachia mpini.

"Bado," nikamwambia.

Basi ule msumari, wenzangu, tundikeni mikoba yenu.